Kufundisha vidudu kanisani likizo ya Juni: siku huharibika watoto wanapohama

Dada, umeeleza kwamba mchungaji amekuomba usimamie watoto wa miaka 3 hadi 5 kwa siku tano za likizo ya Juni, kanisa liko pembezoni mwa mji wa Mtwara, watoto watafika kama 40, hujawahi kufundisha, na unataka kujua uandae masomo gani. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili hurudi kila likizo. Wengi humaliza wiki nzima wakiandaa hadithi na nyimbo, halafu siku ya kwanza inawavurugikia kabla hata ya saa tatu.

Masomo ndiyo sehemu nyepesi. Mtoto wa miaka minne akikalishwa mkekani mbele ya mtu anayejua kusimulia, atasikiliza. Vurugu huanza pale watoto wanapotoka jambo moja kwenda jingine: getini asubuhi, kwenda chooni, kwenda kunawa, kutoka kwenye uji kurudi mkekani, na saa ya kuchukuliwa. Hapo ndipo mtoto anasukumwa, anajikojolea, anaungua au anatoka nje bila mtu kumwona. Panga hizo njia kwanza, hadithi ifuate.

Anza na watu. Kwa watoto 40 tafuta watu wazima sita, mpishi hahesabiwi humo. Gawa vikundi vitatu: wa miaka mitatu wasizidi 10, waliobaki wawe 15 kwa 15, kila kikundi na watu wazima wawili. Mmoja anaongoza. Wa pili hafundishi kabisa, kazi yake ni kuhesabu vichwa kila mnapohama, kufuta pua, kupeleka chooni na kumkumbatia anayelia. Vijana wa kwaya wa miaka 14 au 15 wanafaa sana kwenye michezo, lakini usiwaweke kwenye hesabu ya watu wazima. Kumbuka pia kwamba likizo huku kwetu ni msimu wa jando na unyago, na Juni ndiyo mikorosho inapulizwa salfa. Uliyemtegemea Jumatatu anaweza kuwa shambani Jumatano. Uwe na wawili wa akiba.

Daftari liwe kaunta buku, siyo karatasi za kupeperuka. Andika jina la mtoto, umri, jina la mzazi, namba mbili za simu, anakaa kwa balozi gani wa nyumba kumi, ana tatizo gani (pumu, selimundu, degedege, chakula kinachomdhuru) na nani ataruhusiwa kuja kumchukua. Mtoto wa miaka mitatu mara nyingi analijua jina la nyumbani tu. Ukimuuliza baba yake anaitwa nani, atakuambia "Baba". Kwa hiyo mwandike jina kwenye utepe wa karatasi wenye gundi na umbandike mgongoni, katikati ya mabega. Likiwa kifuani atalibandua ndani ya dakika tano. Rangi ya kikundi iwe kitambaa kwenye kifundo cha mkono, kamwe isiwe shingoni.

Sasa eneo. Kanisa la mabati huwa tanuri ikifika saa nne, hivyo wengi hukimbilia kivuli cha mti. Vizuri, ila pakague jioni ya kuamkia siku hiyo. Mwembe na mkorosho hukaa majimoto, wale sisimizi wakali wanaong'ata. Tazama juu kama kuna majani yaliyoshonwa pamoja, na ukiyaona hamisha mikeka. Usikalishe mtoto chini ya mnazi wenye nazi, hata dakika moja. Kwenye uzio angalia upupu, kwa sababu wakati huu maganda yake yamekauka na upepo wa kusi unabeba vinyweleo vyake. Kama jirani ana mikorosho, muulize anapuliza siku gani. Salfa hupulizwa alfajiri na vumbi lake huwasha macho na kubana kifua, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia. Mifuko ya salfa isigeuzwe mikeka wala kubebea kitu chochote cha watoto, hata ikifuliwa.

Kunawa kunataka vibuyu chirizi viwili. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu kwa msumari wa moto upande ulio mkabala na mkono wa dumu, kama upana wa kiganja chini ya kifuniko. Lipitishe kwenye mti mlalo kwa mkono wake, funga kamba shingoni, na ncha ya chini ya kamba ifungwe kwenye kijiti cha kukanyagia. Jaza maji yaishie chini kidogo ya tundu. Kosa linaloonekana kila mahali ni kukitundika kwa kimo cha mtu mzima. Mtoto ananyoosha mikono juu, maji yanateremka hadi kwapani, nguo inalowa, analia, foleni inakatika. Tundu liwe usawa wa kifua cha mtoto. Wa miaka mitatu hatakuwa na uzito wa kukanyaga vizuri, mkubwa amkanyagie. Sabuni ya mche ikatwe kipande kitiwe kwenye soksi na kuning'inizwa pembeni, ikiachwa chini itageuka mchanga.

Hesabu ya maji: kunawa mara mbili kwa watoto 40 ni kama lita 16, kunywa lita 10, uji lita 10, na kuosha vikombe. Madumu matatu ya lita 20 kwa siku yanatosha. Mjini hilo ni jepesi. Mwenzako anayesoma hapa akiwa Newala au Tandahimba, ambako maji juu ya uwanda ni shida, apange nani analeta dumu siku gani kabla hajapanga kitu kingine. Maji ya kunywa yachemshwe jana yake na kuachwa yapoe ndani ya ndoo yenye kifuniko.

Choo cha shimo kinawatisha wadogo, na wana haki ya kuogopa kwa sababu tundu lilipimwa kwa miguu ya mtu mzima. Weka ubao imara wenye tundu dogo juu yake, au kubaliana na wazazi kutumia poti kwa wa miaka mitatu. Peleka kwa zamu ya watoto watano watano, saa maalumu, kabla ya uji na kabla ya kazi za mikono, bila kungoja waombe. Msindikizaji asiende peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Waende wawili, mlango ubaki wazi kidogo. Sheria hiyo haina mzee wa kanisa wala mke wa mchungaji wa kusamehewa.

Uji: kilo 1 ya unga kwa lita 10, sukari nusu kilo, chumvi kidogo. Inatoka robo lita kwa kila mtoto. Koroga unga kwenye lita 2 za maji baridi kwanza, ndipo umimine kwenye lita 8 zinazochemka, uache uchemke taratibu dakika 15 hadi 20. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto utapata mabonge. Moto uwashwe saa 12:30, sufuria itoke saa 2, vikombe vimiminwe saa 3:15, watoto wanywe saa 3:30. Utando wa juu hudanganya: unaonekana umepoa huku chini bado unaunguza. Jaza nusu kikombe, na mtoto akae kwanza ndipo apewe. Watoto wasifuate uji, uji uwafuate. Ukitia karanga ziwe za kusagwa, na mwenye kudhurika nazo awe ameshaandikwa. Zichambue vizuri, kwa sababu sumukuvu ya karanga zenye ukungu haiondoki kwa kuchemsha. Karanga au korosho nzima usimpe mtoto wa umri huu hata akiomba, zinakaba.

Ukishaweka hayo, somo linakaa lenyewe. Dakika 10 kwa hadithi, siyo zaidi, na hadithi moja itumike siku mbili. Kwa watoto wa pwani anza na dhoruba ya baharini, Marko 4:35–41. Hawa wanajua mashua na wanajua kusi likivuma. Shona kanga mbili pamoja, watoto washike pembeni waitikise iwe mawimbi, na Yesu anapoiamuru bahari itulie, kanga inashuka na kila mtu anaganda kimya. Warudie mara tatu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya hadithi hii: neno hilo la kutulia linakuwa ishara yenu wiki nzima. Kabla ya kuhama kwenda popote unalitamka, wanaganda, mwenzako anahesabu vichwa, ndipo mnaondoka. Kupiga makofi na kupaza sauti huongeza kelele tu. Vijijini, ambako mtoto anaongea Kimakonde au Kimwera nyumbani, hakikisha kila kikundi kina mtu wa lugha hiyo. Mtoto anayeonekana mkaidi mara nyingi hajaelewa alichoambiwa.

Kazi za mikono hazihitaji duka. Gundi ni unga wa muhogo: kikombe 1 cha unga kwenye kikombe 1 cha maji baridi, mimina kwenye vikombe 3 vya maji yanayochemka huku ukikoroga hadi iwe ya kung'aa. Pika ya siku mbili tu, halafu huchacha. Kuhesabu watumie vifuniko vya plastiki vya chupa. Korosho ghafi zisitumike, kwa sababu mafuta ya ganda lake huchoma ngozi na mtoto ataitia mdomoni. Wazazi watakuuliza mbona hawaandiki. Wa miaka mitatu usimlazimishe penseli, achore kwenye mchanga kwa kidole. Huo ndio mwanzo wa kuandika.

Watoto wa majirani Waislamu watakuja, mtaa ni mmoja. Nenda kwa mzazi useme wazi kwamba kuna hadithi za Biblia na maombi, aamue yeye. Uliza pia saa za madrasa ili usimgonganishe mtoto. Kumwingiza mtoto kwa kuficha ni kumdhulumu mzazi.

Fimbo hapana, adhabu ya kupiga magoti hapana. Anayeng'ata wenzake akae kando ya mtu mzima hadi atulie. Mwenye homa usimpe dawa yoyote, piga simu nyumbani, na akizidiwa mpelekeni zahanati. Ukiona alama za kupigwa au mtoto akikuambia jambo zito, usimhoji mbele ya wenzake. Sikiliza, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha mwone afisa ustawi wa jamii au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Saa 5 kamili ya kuchukuliwa, watoto wote wakae mkekani na mlango uwe mmoja. Mwenye daftari anaita jina, aliyeandikwa anasogea, anatia sahihi au alama, mtoto anaondoka. Akija mjomba ambaye hayumo kwenye daftari, hata kama mtoto anamkimbilia kwa furaha, mpigie mzazi kwanza. Atakasirika kidogo. Na kwa yule wa mwisho ambaye hajafuatwa, wabaki watu wazima wawili, siyo mmoja, na muwe mmemwekea kikombe cha uji.