Kabla hujasaini barua ya kuachishwa kazi: ushauri kwa mnaoanza kazi Uganda

Naandikia nyie mnaoanza kazi sasa, wa ulinzi, wa supamaketi, wa hoteli, wa magodauni ya Namanve, wanaofagia ofisi za watu mjini Kampala, na hasa mliotoka Arua, Kasese au ng'ambo ya mpaka Kongo ambao Kiingereza cha ofisi bado kinawasumbua na Luganda ndo mnajifunza barabarani. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi pale ninapofanya kazi, kwahiyo mtu akiwa na shida na bosi mara nyingi ananifikia mimi kwanza, na kinachoniuma sio kwamba sheria haipo. Sheria ipo, ile ya ajira ya 2006, na ina mambo mazuri. Kinachoniuma ni kwamba watu wanakuja wakati wameshasaini makaratasi, au wameondoka kwa hasira, au wamekaa kijijini nusu mwaka wakisubiri bosi apoe.

Tuanze na swali ninaloulizwa kuliko yote: sina mkataba wa kuandikwa, je nina haki yoyote? Unayo. Uganda makubaliano ya mdomo yanahesabika kuwa mkataba, na tena mwajiri ndo mwenye wajibu wa kukupa maelezo ya kazi yako kwa maandishi, yaani jina lako, kazi unayofanya, mshahara, masaa, likizo, notisi, na anatakiwa akupe ndani ya wiki 12 tangu ulipoanza. Asipokupa, kosa ni lake, sio lako. Lakini ukifika mbele ya afisa wa kazi bosi akasema huyu simjui, nani atasema anakujua? Hapo ndo vitu vidogo vinakuwa na thamani kubwa: meseji za mobail mani za mshahara, picha za rosta ya shifti, kitambulisho cha kazini, meseji za supavaiza kwenye WhatsApp anakwambia njoo usiku leo. Usifute hizo meseji ndugu yangu, hata simu ikijaa futa video za kuchekesha, hizo ziache, na zitume kwa mtu mwingine nyumbani ili simu ikiibiwa kwenye teksi bado ushahidi upo.

Na wale mnaoitwa vibarua. Kuna watu wako kiwandani mwaka wa tatu, kila siku getini asubuhi, kila jioni pesa mkononi, na ukiuliza likizo unaambiwa wewe ni kibarua hauna likizo. Kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu asiajiriwe kama kibarua zaidi ya miezi minne mfululizo, ikipita hapo anatakiwa apewe mkataba wa kuandikwa na haki kama wafanyakazi wengine. Miezi minne tu! Kwahiyo andika tarehe uliyoanza. Daftari la shilingi elfu moja linatosha, andika siku ulizoingia, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi ulicholipwa.

Kipindi cha majaribio nacho kina mwisho. Ni miezi sita, na wanaweza kuongeza isiyozidi sita mingine ila wewe ukubali. Mtu kukaa "probesheni" miaka miwili hiyo haipo kwenye sheria, na hata ukiwa kwenye majaribio hawakutoi bila notisi ya siku 14 au malipo ya siku saba badala yake.

Sasa mshahara. Wengi mnauliza kima cha chini ni shilingi ngapi, na jibu linasikitisha, kile kilichopo kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984 na hakijabadilishwa. Bunge lilipitisha muswada mwingine 2019 lakini Rais hakuusaini. Maana yake kwenye mshahara ulinzi wako ni yale mliyokubaliana siku ya kwanza, ndo maana nasema jadili mapema na upate hicho kiwango kwenye karatasi au hata kwenye meseji. Ukisema "tutaangalia baadaye", huko baadaye utalipwa anachotaka yeye.

Kila ukilipwa una haki ya kupata karatasi inayoonyesha mshahara mzima na kilichokatwa, hiyo ndo peislipi. Makato sio kila kitu bosi anachojisikia. Kuna kodi ya serikali, kuna NSSF (ule mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi), kuna michango ya chama cha wafanyakazi kama umejiunga, kuna mfuko wa pensheni kama ulikubali kwa maandishi, na kodi ya nyumba kama kakupa nyumba. Ile ya "stoku imepungua tunawakata wote elfu hamsini hamsini" haimo kwenye hiyo orodha. Nimeona wasichana wa kaunta wanakatwa kwa chupa ambazo hawakuzigusa, zilivunjika kwenye lori kabla hazijafika dukani, na wananyamaza kwa kuogopa kufukuzwa. Mkiwa wengi mnaokatwa andikeni barua moja, sainini wote, muulize makato hayo yanatokana na nini. Barua ya watu kumi haijibiwi kama malalamiko ya mtu mmoja anayelia stoo.

NSSF ni asilimia 15 ya mshahara wako, wewe unakatwa 5 na mwajiri anaongeza 10 juu, kutoka mfukoni kwake. Tangu mabadiliko ya 2022 kila mwajiri wa sekta binafsi lazima achangie, hata kama ana wafanyakazi wawili, ile hadithi ya kwamba sisi ni wachache hatuhusiki imeisha. Usiridhike kuona 5 imekatwa kwenye peislipi, ingia mwenyewe uangalie akaunti yako kama hela imefika, maana kuna waajiri wanakata kwako na hawapeleki kokote. Angalia kila baada ya miezi michache, na ukikuta hazijaenda ripoti NSSF wenyewe, wana watu wa kufuatilia waajiri.

Masaa. Wiki ya kazi ni masaa 48. Kwa wanaofanya shifti kuna hesabu yake, wastani wa wiki tatu usizidi masaa 10 kwa siku na 56 kwa wiki. Ovataimu ni mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na siku ya sikukuu ya taifa ni mara mbili. Baada ya siku sita mfululizo unapumzika masaa 24. Askari wa getini, najua mnafanya masaa 12 kwa siku bila ofu, siku zote saba, piga hesabu mwenyewe ni masaa 84 kwa wiki, na najua mnavyoambiwa kazi ya ulinzi ndivyo ilivyo. Andikeni kwenye daftari. Ile okarensi buku, daftari la matukio la getini, mnayosaini kila shifti ni ushahidi mzuri mno, piga picha ukurasa wenye jina lako.

Likizo ni siku saba kwa kila miezi minne, kwa mwaka zinakuwa 21, na unalipwa. Ukiugua na umeshafanya kazi mwezi mmoja au zaidi, mwezi wa kwanza wa ugonjwa unalipwa wote, ila uwe na karatasi ya daktari na umjulishe mwajiri haraka. Mama mjamzito ana siku 60 za kazi kwa malipo kamili na baba ana siku nne. Kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba ni kosa wazi, na bado linafanyika kila siku kwenye masaluni na mahoteli, wanasema "nenda ukajifungue utarudi", akirudi anakuta mwingine. Dada, ukiambiwa hivyo omba likizo ya uzazi kwa barua, peleka nakala mbili, moja uwaachie, nyingine wakugongee muhuri au mtu asaini kupokea, hiyo ubaki nayo.

Na sasa hapa nataka mkae mnisikilize vizuri, siku unaambiwa kesho usije.

Kwanza tofautisha. Kama wanapunguza watu au hawakuhitaji tena, wana deni la notisi ya maandishi. Umefanya kazi zaidi ya miezi sita lakini mwaka haujafika, wiki mbili. Mwaka mmoja mpaka chini ya miaka mitano, mwezi mmoja. Mitano mpaka chini ya kumi, miezi miwili. Kumi na kuendelea, miezi mitatu. Wasipokupa huo muda unaweza kulipwa pesa yake. Kama wanasema umekosea, umeiba, umelala kazini, hufanyi kazi vizuri, basi lazima wakusikilize kwanza, wakueleze kosa, wakupe muda wa kujiandaa, na una haki ya kwenda na mtu unayemtaka wewe akae pembeni yako. Na hii nyie wa Kiswahili ishikeni: sheria inasema hayo maelezo yawe kwa lugha unayoweza kuielewa, na notisi hivyohivyo. Ukiitwa kwenye kikao watu watano wanaongea Kiingereza haraka haraka we unaitikia tu "yes sir", simama useme sielewi, naomba mtu wa kunitafsiria, na omba iandikwe kwenye minitsi, zile kumbukumbu za kikao, kwamba uliomba. Mwajiri akikufukuza bila kukusikiliza anaweza kuamriwa akulipe wiki nne za mshahara wako hata kama kosa ulifanya kweli, hiyo ni mbali na madai mengine.

Wakati wa uchunguzi wanaweza kukusimamisha, lakini sio zaidi ya wiki nne na sio bila chochote, angalau nusu mshahara. Kusimamishwa miezi mitatu bila hata shilingi ni kukufukuza kimyakimya.

Alafu karatasi. Watakuwekea karatasi mezani, saini hapa upewe hela yako. Mara nyingi hiyo karatasi inasema umelipwa kila kitu na hauna dai lolote, au mbaya zaidi ni barua ya kujiuzulu imeshachapwa kwa jina lako. Usisaini kujiuzulu kama hujajiuzulu. Polisi wakitajwa, na huwa wanatajwa sana, "saini au tukuite polisi", bado usisaini, sema nitaisoma nirudishe kesho. Kama inabidi usaini kuonyesha umepokea pesa, andika kwa mkono wako "nimepokea shilingi kadhaa, bado nadai notisi na likizo" na upige picha. Kijana mmoja aliyeniuliza ushauri alikuwa amefanya kazi miaka sita, akasaini kujiuzulu kwa shilingi laki mbili ili apate nauli, wakati notisi yake peke yake ilikuwa miezi miwili. Tulihangaika sana na ile saini.

Na kama wewe ndo unataka kuondoka kwa sababu hawakulipi miezi mitatu au wanakunyanyasa, usiache tu kwenda. Andika barua useme naondoka kwa sababu hii na hii, maana sheria inatambua kwamba mtu akisukumwa na mwenendo mbaya wa mwajiri mpaka akaondoka, anahesabika kaachishwa. Ukitoweka bila neno wao wataandika umetoroka kazi.

Muda ni miezi mitatu. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki unapeleka kwa afisa wa kazi, lebo ofisa, wa wilaya unayofanyia kazi, ndani ya miezi mitatu tangu siku uliyotolewa, na uwe ulikuwa umefanya kazi angalau wiki 13. Anaweza kupokea ukichelewa kukiwa na sababu ya haki, lakini usijenge nyumba juu ya huruma ya mtu. Kwa Kampala maafisa wapo chini ya KCCA, mamlaka ya jiji, wilaya nyingine ulizia makao makuu ya wilaya. Huhitaji loya kumfikia, unaandika malalamiko mwenyewe. Zikipita siku 90 hajaamua kitu unaweza kuendelea mahakamani, na kesi hizi zina mahakama yake, ile Industrial Court. Mkihitaji msaada wa kisheria Kampala kuna Platform for Labour Action ambao kazi yao ni wafanyakazi wanyonge, kuna FIDA kwa akina mama, na mliokuja kama wakimbizi kuna Refugee Law Project. Mkimbizi ana haki ya kufanya kazi Uganda, asikutishe mtu kwamba ukilalamika utarudishwa kwenu.

Kuumia kazini ni jambo la peke yake na lina sheria yake. Mwambie bosi mara moja, kwa maandishi kama unaweza, pata karatasi za hospitali, majina ya walioona. Fidia inakuhusu hata kama ulikuwa mzembe kidogo, na ajali ukiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini nayo inahesabika. Wengi wanapewa dawa za laki moja na pole, kidole kimeenda na mkono hausogei vizuri, wanashukuru. Kudai fidia sio kukosa shukrani.

Siku afisa wa kazi akiwaita mkae na mwajiri, nenda na hesabu yako umeshaiandika kwenye karatasi moja: mishahara ambayo haijalipwa, notisi, siku za likizo ambazo hukuchukua, ovataimu kwa tarehe zake, NSSF ambayo haikupelekwa. Bosi atakuja na namba moja ya jumla, laki tano tumalizane, na ukiwa na njaa laki tano inaonekana kubwa sana, kwahiyo linganisha na karatasi yako mstari kwa mstari kabla hujafungua mdomo, na mkikubaliana iandikwe, na tarehe ya kulipwa, mbele ya afisa. Papo hapo omba pia cheti cha kuonyesha ulifanya kazi pale kuanzia lini mpaka lini. Ni haki yako ukikiomba, hata kama mmeachana vibaya, na mwajiri anayefuata atakiulizia.