Una sapu ya upangaji mstari? Anza na ekari, simpleksi itafuata

Mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mbeya ameniandikia. Ana sapu (mtihani wa marudio) ya upangaji mstari, yaani hesabu ya kutafuta matokeo bora chini ya masharti, na anashangaa kwa sababu jedwali la simpleksi, njia ya kulitatua swali hatua kwa hatua, analimudu vizuri. Kinachomwangusha ni maswali ya maneno. Mdogo wangu, nakujibu hapa ili na wenzako wasome, maana mko wengi.

Tuchukue mkulima wa Uyole, kwa namba za mfano. Ana ekari 10 na mtaji wa shilingi laki 48. Ekari ya mahindi inakula laki 3 za pembejeo na vibarua, ya viazi mviringo laki 9. Baada ya kutoa gharama zote, ekari ya mahindi inabakiza faida ya laki 4, ya viazi laki 7. Alime nini, kiasi gani?

Sentensi yako ya kwanza iwe hii: x ni idadi ya ekari za mahindi, y ni idadi ya ekari za viazi. Ukiandika tu "x ni mahindi" umeshapotea, kwa sababu mistari mitatu mbele hutajua kama x ni ekari, gunia au shilingi. Kisha kagua kila sharti: vipimo vya kushoto vifanane na vya kulia. x + y ≤ 10 ni ekari kwa ekari. 3x + 9y ≤ 48 ni laki kwa laki. Ongeza x ≥ 0 na y ≥ 0. Lengo ni kukuza 4x + 7y. Kosa ninaloliona mara nyingi hapa ni mtu kutoa tena gharama kwenye 4 na 7, wakati swali limesema faida tayari imetolewa gharama.

Chora kabla ya jedwali, hata kama hujaambiwa. Pembe za eneo linaloruhusiwa na masharti ni (0, 0), (10, 0), (7, 3) na (0, 16/3), na faida zake ni 0, 40, 49 na laki 37 na theluthi moja. Tazama viazi: vinalipa zaidi kwa ekari, lakini akilima viazi vitupu anapata kidogo kuliko akilima mahindi matupu. Mtaji unaisha kwenye ekari ya tano na theluthi, shamba lililobaki linalala. Anayekariri hatua bila kuchora halioni jambo hili, na ndilo somo lenyewe.

Sasa simpleksi. Anaingia y, yaani ndiye anayepandishwa kwanza kutoka sifuri, kwa sababu ya ile 7. Uwiano, yaani kikomo cha y kwenye kila sharti, ni 10/1 = 10 na 48/9 = 16/3, na unachukua mdogo. Ukichukua 10 unalima ekari 10 za viazi kwa laki 90 wakati una 48, na slaki ya mtaji (mtaji unaobaki) inatoka −42. Namba hasi kwenye safu ya kulia maana yake umekosea uwiano, rudi hapohapo. Pivoti ya pili, yaani hatua ya pili ya kubadilisha jedwali, inamwingiza x, uwiano 7 dhidi ya 16, unamaliza x = 7, y = 3. Baki na sehemu. Ukigeuza 16/3 kuwa 5.33, jibu la mwisho halitatua kwenye 49 na utatafuta kosa ambalo halipo.

Masharti yenye ≥ (si yale ya x ≥ 0 na y ≥ 0) yanahitaji kigeu bandia, yaani kigeu cha muda cha kuanzishia jedwali. Kikibaki chanya mwishoni, swali halina jibu. Andika hivyo, usilazimishe.

Wengi wanaishia kwenye 49 na kufunga daftari. Msifanye hivyo! Mwanahisabati Leonid Kantorovich, aliyechapisha mwaka 1939 kazi iliyoanzia kwenye tatizo la kiwanda cha plaiwudi, na mchumi Tjalling Koopmans walipewa Nobel ya uchumi mwaka 1975 kwa kazi ya mgawanyo bora wa rasilimali, na moyo wa kazi hiyo ni bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata kipimo kimoja zaidi cha rasilimali. Kwenye swali letu, ekari ina bei u na laki ya mtaji ina bei v. Kwa mahindi u + 3v = 4, kwa viazi u + 9v = 7. Hivyo v = 0.5 na u = 2.5. Hakiki: 10 × 2.5 + 48 × 0.5 = 49, sawasawa na faida.

Laki moja zaidi ya mtaji inaongeza faida ya shilingi 50,000, mradi mtaji uko kati ya laki 30 na 90. Ekari moja zaidi inaongeza laki 2.5, mpaka ekari 16.

Je, akodi ekari ya jirani kwa laki 2? Wengi wanajibu ndiyo, kwa kuwa 2 ni ndogo kuliko 2.5. Uliza kwanza kodi inalipwa lini. Ikilipwa baada ya mavuno, jibu lao ni sahihi. Ikilipwa mwanzoni kutoka kwenye mtaji uleule, kila laki ya kodi inaondoka na nusu laki nyingine ya faida, kwa hiyo kodi ya 2 inamgharimu 3. Hapo kodi ya juu kabisa ya kukubali ni laki 2.5 ÷ 1.5, yaani kama shilingi 166,000. Kwa laki 2, asikodi.