Hiyo katuni ya Krismasi ya 1947 usiilipie kwanza

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ulipie hicho kitabu cha katuni cha Scrooge, yule bata tajiri bahili wa Disney, na uanzie na zipi kukusanya katuni za Krismasi. Jibu la kwanza, USILIPE. Laki sita na nusu kwa "orijino ya 1947" ya mtu wa Dar ambaye hujawahi kumuona, amekutumia picha tatu za WhatsApp na ile ya jalada ina kidole gumba kwenye kona? Hicho kidole nakijua aisee. Kimeziba bei. Katuni za Dell, wale wachapishaji wa Marekani waliotoa hicho kitabu, za miaka ile ziliuzwa senti 10 za Marekani na bei ilichapwa hapo hapo kwenye jalada, sasa mtu anayeuza kitu cha zamani anazibaje kitu kinachomsaidia kuonyesha ni cha zamani?

Mimi nimepigwa kwa hicho hicho kitabu. Four Color (mfululizo wa katuni wa Dell) namba 178, Disemba 1947, kazi ya Carl Barks, mchoraji wa bata wa Disney, ndo Scrooge anatokea kwa mara ya kwanza kabisa, mzee kachukia Krismasi mpaka basi, anawaita Donald Duck na wale wapwa zake kwenye nyumba yake ya mlimani kumbe amepanga kuvaa ngozi ya dubu awapime kama ni waoga. Kila anayekusanya katuni za Krismasi anaitaka hiyo na matapeli wanalijua hilo kuliko sisi.

Kilichoniponza ni mtaalamu mmoja wa group la WhatsApp, sitamtaja jina ila wa siku nyingi mnamjua, kila swali analijibu kwa voice note ndefu kama hotuba ya bajeti. Nilimuuliza nitajuaje kama ni orijino, akanijibu "angalia mwaka tu dogo, mwaka haudanganyi". Haya, nikamwambia muuzaji nionyeshe mwaka, akatuma picha ya karibu kabisaaa, maandishi madogo ya Kiingereza, katikati 1947 inasomeka safi. Nikatuma laki saba ambazo zilikuwa za mabati ya chumba cha nyuma, mama watoto nikamwambia bei ya mabati imepanda tusubiri ishuke (msinicheke, na nyie mna zenu).

Mzigo ukaja kwa basi. Nafungua, karatasi nyeupe kama ya risiti. Nageuza, BARKODI. Barkodi ndugu zangu, kitu ambacho madukani huko Marekani kimeanza kusomwa na mashine 1974, leo kiko kwenye kitabu cha 1947, labda Scrooge aliletewa na malaika. Ndo nikakaa nikasoma yale maandishi madogo YOTE, sio ile sentensi aliyonikatia muuzaji. 1947 ilikuwepo kweli, ila ni mwaka wa haki miliki ya hadithi, maana hadithi ikichapwa upya hata miaka arobaini baadae ule mwaka wake wa mwanzo unaweza kuandikwa tena pale chini. Mstari wa juu yake ulikuwa na mwaka wa toleo na jina la mchapishaji mwingine kabisa. Yani picha haikuwa ya uongo, ilikatwa tu panapouma. Krismasi ile wenzangu wanakula bata, mimi bata kanila mimi.

Nikarudi kwa mtaalamu, eti "ungeuliza vizuri". NILIULIZA VIZURI! Baadae mtu akaninong'oneza kwamba jamaa anakatiwa chake kwa kila mteja anayempeleka kwa yule muuzaji, sina ushahidi ila tangu siku hiyo voice note zake sizifungui. Na muuzaji kurudisha hela ndo kabisaa, kwanza alisema kitabu nilikipokea kikiwa kizima, kisha akasema nimekibadilisha mimi, Dodoma hapa nakibadilishia wapi, soko la Majengo kwa wauza zabibu?

Kwa hiyo mkuu kitu ni kimoja. Omba picha ya maandishi madogo yote ya mwanzo wa kitabu, huwa yanakaa ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa kwanza, picha iwe ya ukurasa mzima na pembe zake nne zionekane. Humo unasoma mchapishaji nani, toleo gani, na anuani yake. Anuani ndo inawaumbua wengi, ukikuta zile namba za posta za Marekani zenye tarakimu tano ujue kimechapwa 1963 au baada ya hapo, maana kabla hazikuwepo. Jina la mwenye haki nalo lisome, enzi za Barks iliandikwa Walt Disney Productions, ukikuta The Walt Disney Company hiyo ni 1986 kuja huku kwa sababu jina lilibadilishwa mwaka huo. Na mwaka huo huo ndo Gladstone, wachapishaji wengine wa Marekani, walianza kurudia kuchapa kazi za Barks. Marudio sio vitu vibaya jamani, watoto wangu wanakisoma kile cha laki saba mpaka jalada limeng'oka, shida ni kuuziwa kwa bei ya babu yake.

Umeuliza pia uanzie na zipi. Angalia zile za Rudolph, yule kulungu wa Krismasi mwenye pua nyekundu, za wachapishaji DC, walitoa kila mwaka kuanzia 1950 mpaka 1962, halafu miaka ya sabini wakaja na zile za saizi kubwa, na nyingi utazipata kwa unafuu kuliko huyo bata. ILA hata hizo omba ukurasa wa maandishi madogo, usiniambie mbona ni za bei ndogo, hata elfu thelathini ni hela.

Kulikuwa na swali lingine, la kuzitunza na vumbi sijui na joto la bati, wengine watakusaidia, mimi nikishaona 1947 na kidole gumba presha inapanda.

Mwandikie sasa hivi akutumie huo ukurasa, ukiupata uweke hapa hapa tuusome wote kabla hujagusa M-Pesa. Akikwambia kitabu kimeshafungwa kwenye nailoni na akikifungua kitaharibika, ndo sentensi hiyo hiyo niliyopewa mimi, block namba yake uende ukanunue mabati.