Jibu: "Zombie" ya The Cranberries inahusu vita gani?

Ndugu yangu, umeuliza kama "Zombie" ni wimbo wa kutisha tu au kuna vita halisi nyuma yake. Ni wimbo wa msiba. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, kesho yake ikiwa Siku ya Mama huko Uingereza, mabomu mawili ya IRA, kundi la wapiganaji lililotaka Ireland Kaskazini itoke chini ya Uingereza, yaliyofichwa kwenye mapipa ya taka yalilipuka kwenye mtaa wa maduka mjini Warrington. Mtoto wa miaka 3 alifia palepale. Mwingine wa miaka 12 alifariki siku chache baadaye.

Dolores O'Riordan, mwimbaji wa The Cranberries, bendi ya Ireland, alikuwa Mwairishi wa Limerick, na uchungu wa vifo hivyo ndio uliomfanya autunge. Ukisikiliza vizuri utasikia akitaja 1916, mwaka wa Uasi wa Pasaka mjini Dublin, Waairishi walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza. Hapo, nionavyo mimi, ndipo moyo wa wimbo ulipo: chuki ya kale imekaa vichwani mwa watu hadi wanaua bila kufikiri, kama mizuka. Ndiyo maana magitaa ni mazito hivyo, tofauti kabisa na ule upole wa wimbo wao mwingine, "Linger". Ulitoka 1994, na mimi bado unaniliza.