Kabla Hujafungua Duka la Kubeti, Jua Leseni Iko kwa Nani

Wiki jana kijana mmoja wa Thika aliniandikia hivi: "Dada, sheria mpya ya kamari imepita, ushuru umeshuka, na mjomba ameniachia chumba cha biashara karibu na steji. Nina akiba kidogo. Nifungue duka la kubeti?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini naona swali lake ni la wengi. Wengi wenu mnanisoma kwa sababu mnataka kitu chenu wenyewe, msichokiombea ruhusa kwa bosi. Hata mimi nilikitaka.

Nilianza nikiwa keshia wa duka la kubeti Nakuru. SportPesa ilikuwa imeingia sokoni mwaka 2014 na baada yake kampuni zikafuatana. Mwaka 2017 mtu mmoja alipozoa jakipoti ya shilingi milioni 221, hapakuwa tena na haja ya kumweleza mtu kubeti ni nini. Jumamosi za ligi ya Uingereza foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Wanabodaboda, wauza mitumba, walimu, kila mtu na mkeka wake, yaani karatasi ya mechi alizobetia. Nasema wazi kwamba niliipenda kazi ile. Droo yangu haikuwahi kupungua hata shilingi, na ndiyo maana nilipandishwa nikawa msimamizi wa maduka kadhaa. Mama alinunuliwa ng'ombe wa maziwa kwa mshahara huo.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba biashara nzima ilisimama juu ya karatasi inayokwisha kila tarehe 30 Juni. Hiyo ndiyo leseni, na si yako, ni ya kampuni ambayo wewe ni wakala wake tu. Wewe una kodi ya chumba, una meza, una wafanyakazi wawili na televisheni ukutani. Siku Nairobi wakikataa kuihuisha karatasi hiyo, vyote hivyo vinabaki kuwa deni.

Mtikisiko wa kwanza ulikuja Januari 2018. Kodi ya mapato ya kampuni za kubeti, iliyokuwa asilimia 7.5, ilipandishwa hadi 35 kwa mpigo. SportPesa ikaondoa udhamini wake wa michezo nchini, na klabu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki zinahangaika. Kufikia mwaka uliofuata kodi ilishushwa hadi 15, tukadhani mambo yametulia. Julai 2019 ikafika na kampuni 27 zikanyimwa leseni mpya. Safaricom ikaagizwa kufunga nambari zao za Paybill, ambazo wateja walilipia kwa M-Pesa. Fred Matiang'i alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, na msimamo wake ulikuwa kwamba kamari inawaharibu vijana na kampuni hazilipi kodi inavyostahili. Hoja ya vijana sikuweza kuipinga. Nilikuwa nikiwaona.

Kisha Bunge likaweka ushuru wa asilimia 20 juu ya kila shilingi mtu anayoweka, awe ameshinda au ameshindwa. SportPesa na Betin zikafunga shughuli zao. Na sisi, kwenye kampuni ambayo sitaitaja, tuliitwa hotelini, tukapewa chai na barua. Pesa zangu za likizo sijalipwa mpaka leo. Niliyemwandikia kudai hakujibu, halafu baadaye nikamwona kwenye picha akizindua kampuni nyingine. Linaniuma bado, sitaficha.

Na linalouma zaidi ni hili: katikati ya mwaka 2020 ushuru ule wa asilimia 20 ulifutwa. Hata mwaka mmoja haukuwa umetimia. Maelfu tulikuwa tumeshauza makochi.

Sasa ufuatilie huo ushuru tangu hapo. Mwaka 2021 ulirudi ukiwa asilimia 7.5. Mwaka 2023 ukawa 12.5. Desemba 2024, 15. Tangu Julai 2025 ni asilimia 5 ya pesa mteja anazoingiza kwenye akaunti yake ya kamari, na akitoa anakatwa asilimia 5 nyingine. Kijana wa Thika anasema ushuru umeshuka. Ndiyo, umeshuka. Lakini niambie ni mwaka gani hapo ungeweza kukaa na benki ukapanga mkopo wa miaka mitatu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: soma Mswada wa Fedha, ule wa kila mwaka unaobadilisha kodi, kila unapochapishwa, usisubiri gazeti. Mimi huusoma wote, na siku hizi nalipwa kwa sababu hiyo. Ninatunza hesabu na kupeleka ritani za kodi za wafanyabiashara wengi hapa mjini, na mwenye duka la kubeti akija kwangu, jambo la kwanza ninalomuuliza ni leseni iko kwa nani.

La pili, pesa imeondoka dukani. Ipo kwenye simu. Anayeingia chumbani kwako leo ni mzee wa mkeka wa mia moja. Kijana yuko kwenye Aviator, mchezo wa kamari wa simuni, anaitazama ile ndege ikipaa, anatoa pesa au inamwangukia, na raundi nyingine inaanza kabla hajapumua. Waliotengeneza mchezo ule wanasema unarudisha asilimia 97. Watu husikia 97 wakafurahi. Maana yake ni kwamba kwa wastani shilingi tatu katika kila mia zinabaki kwa kampuni kila raundi, na mtu anaicheza raundi baada ya raundi usiku kucha kwa pesa ile ile. Mpira ulikuwa na dakika tisini za kupumzika. Huu hauna. Na kamisheni ya duka lako haimo humo kabisa.

La tatu, serikali ni mbili. Katiba ya 2010 imezipa kaunti sehemu ya usimamizi wa kamari na kasino, kwa hiyo ukimaliza na Nairobi utaanza na kaunti. Sheria iliyotiwa sahihi Agosti 2025 imeiondoa ile ya 1966 na kuunda mamlaka mpya ya kudhibiti kamari, ikigusa pia kasino za mtandaoni ambazo sheria ya zamani haikuzijua. Nimeifurahia. Lakini mamlaka mpya huja na masharti mapya, na Aprili 2025 tuliona matangazo yote ya kamari yakisimamishwa kwa siku thelathini, ghafla. Panga kana kwamba jambo la namna hiyo litakukuta, maana litakukuta.

Narudia la leseni kwa sababu ndilo mnalolipuuza. Mkataba wa uwakala useme nani analipa kodi ya chumba na mishahara leseni ikisimamishwa. Usiposema, ni wewe. Chumba kiandikwe kwa jina lako, na ndani yake kuwe na kazi nyingine inayojilipia: M-Pesa, kuchapisha, kurekebisha simu.

Na jamani, nimekaa nyuma ya kioo kile. Nimemwona baba akihesabu karo mbele yangu huku mkono unamtetemeka. Asiyefikisha miaka 18 asivuke mlango wako, hata akiwa mtoto wa diwani. Usimkopeshe mtu pesa ya kuchezea. Mtu akirudi mara ya tatu siku moja, mwambie aende nyumbani. Kampuni haitakulipa kwa hilo, na mauzo yatashuka. Yashuke. Utaishi mtaa huo huo na mke wake na watoto wake, wewe si mwekezaji wa kutoka nje anayefunga na kupanda ndege.

Kijana wangu wa Thika, kama bado unataka, usitie sahihi popote wiki hii. Nitumie mkataba niusome.