Kama we ni prodakti meneja na unaona husogei, nenda kakae dukani

Wiki iliyopita kuna binti mmoja niliwahi kufanya nae kazi kanipigia, sa hivi ni prodakti meneja, yaani mtu wa kuamua timu ijenge nini, kwenye kampuni moja changa pale Kijitonyama, ana miezi minne tu kwenye hiyo nafasi. Ananiambia dada, Scrum nimesoma (ule mtindo wa kugawa kazi kwa vipindi vifupi), OKR nimesoma (malengo na vipimo vyake), RICE (alama za kupanga wazo lipi litangulie) naijua mpaka usingizini, kila wiki mbili tunafunga sprinti, yaani hicho kipindi kifupi cha kazi, na kadi zote za kazi zinahamia upande wa zilizokamilika, lakini mbona naona kama sisogei? Tuliongea karibu saa zima, na nimeona niyaandike hapa maana naamini hayupo peke yake.

Hiyo hali naijua vizuri. Miaka kadhaa nyuma nlikuwa kwenye timu ndogo inayotengeneza ap ya wenye maduka ya rejareja, ya kuandika mauzo na madeni, yaani ichukue nafasi ya lile daftari la mangi. Nidhamu tulikuwa nayo kwelikweli. Kila wazo lililoingia tuliliwekea alama za RICE kwenye Excel, hesabu yenyewe ni rahisi, unachukua idadi ya watu watakaoguswa, unazidisha na ukubwa wa athari na uhakika ulionao, halafu unagawa kwa kazi itakayotumika, yenye namba kubwa inatangulia. Robo ile ya mwaka, iliyoongoza ni ripoti ya mwezi yenye chati za rangi. Tukaijenga wiki sita, ikatoka kwa wakati, bosi akafurahi, na karibu hakuna aliyeifungua. Na huku maduka mapya yanajiunga kila siku, wiki haiishi yanapotea.

Nikaomba ruhusa nikakae kwenye duka moja Tandale siku tatu, nimeketi tu kwenye kreti la soda pembeni ya kaunta.

Siku ya kwanza jioni, ule muda watu wanatoka kazini na kila nyumba inataka kupika, akaja mtoto kama wa miaka nane. Shikamoo, mama kasema umpe mafuta ya mia tano na sukari robo, baba atalipa akirudi. Mama mwenye duka akapima mafuta, akaweka sukari kwenye mizani, huku anamjibu mwingine anayetaka vocha ya buku, halafu akavuta daftari lililoning'inia kwenye msumari kwa kamba, kalamu nayo imefungwa hapohapo, akaandika "B. Zai 1,300". Sekunde tatu, kamaliza. Kwenye ap yetu hilohilo deni lilikuwa linataka uchague bidhaa kwenye orodha, uchague kipimo, uweke idadi, umtafute mteja, na kama hayupo umsajili na namba ya simu, na namba ilikuwa ya lazima. Sasa yule mtoto namba ya baba yake aitoe wapi?

Nilipomuuliza yule mama akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, kitu chenu kizuri, ila nikianza kubonyeza huku watu wamesimama wananihama, wanaenda duka la pale." Akaninyooshea kidole lilipo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba wazo la kurahisisha kuandika deni lilikuwepo kwenye ile Excel yetu, lipo chini huko, alama ndogo. Kwa nini ndogo? Kwa sababu idadi ya watu watakaoguswa tulikuwa tunaitoa kwenye dashibodi, na dashibodi inahesabu wanaotumia ap, yule aliyeondoka siku ya tatu hayumo kabisa. Fomula ilifanya kazi yake sawasawa, ila sisi tuliilisha watu waliobaki tu, ikatupa majibu ya watu waliobaki.

Tukatengeneza skrini moja: jina, kiasi, hifadhi. Vingine vyote hiari. Developa mmoja, yaani mwandika programu, wiki mbili. Maduka yakaanza kuandika madeni kila siku, na yule mama nilipopita tena nikamkuta anaandika kwenye simu, japo daftari bado lipo kwenye msumari, na mimi nikaona ni sawa tu.

Kwa hiyo nilichomwambia huyu mdogo wangu ni hivi, kabla ya kugusa fremuwek yoyote, yaani hizo RICE na wenzake, andika sentensi moja yenye mtu ndani yake, anafanya nini leo na unataka afanye nini. Yetu ilikuwa "mwenye duka anaandika deni mteja akiwa bado amesimama". Ukishakuwa nayo, sprinti ikiisha swali linakuwa moja tu, wameanza kufanya hivyo au bado.

Halafu kuhusu kuuliza, hapa Dar ukimuuliza mtu ungependa hiki atakwambia napenda sana, we ni mgeni wake, atakuvunja moyo vipi? Muulize jana jioni ulifungaje hesabu. Mwambie nionyeshe. Na developa mchukue uende nae, asisomee ripoti yako, maana nilichokiona Tandale ilinichukua siku nzima kukieleza ofisini, na yeye angekielewa kwa dakika kumi.

Hata M-Pesa ilianza hivyohivyo. Majaribio ya Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu, lakini watumiaji wakawa wanatumiana hela wao kwa wao, wahusika wakaliona hilo na wakalifuata, mwaka 2007 ikazinduliwa kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, na 2008 ikafika kwetu Tanzania. Wangeng'ang'ania mpango wa mwanzo sijui leo tungekuwa tunatumaje hela kijijini.

Sisemi utupe hizo fremuwek. OKR natumia mpaka leo, inanisaidia sana kuelewana na bosi. Na bosi anataka rodimap, ile ramani ya nini kitajengwa lini, mpe, ila mpe na picha ya lile daftari, mimi ile picha ilinifungulia mlango ambao chati zangu zote hazikuufungua.

Prodakti ya huyu binti ni ya wanunuzi wa samaki wa jumla, na hajawahi kufika soko la samaki la Feri mnada ukiwa unaendelea. Alhamisi hii tunaenda wote, tunakutana alfajiri kabla ya boti kushusha. Nimemwambia laptop aiache nyumbani, abebe kidaftari, avae viatu vya kulowa, na yule developa wake asimwache.