Muulize Fundi wa Ndege: Dar ilikuwa poa, Dodoma inakohoa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi bado najifunza ufundi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nafanya kazi chini ya injinia mwenye leseni. Tumeletewa Cessna 172 yenye injini ya Lycoming O-320, imekaa Dar miaka na wanasema kule haikuwa na shida. Tangu ifike huku ukirudisha throto mpaka silensa (mzunguko wa chini kabisa wa injini) inatetemeka, inatoa moshi mweusi kidogo halafu inazima, hasa ikishatua injini ikiwa ya moto. Plagi tumezitoa zina masizi meusi makavu. Mwenye ndege anataka tufungue kabureta tuioshe na kuipuliza upepo kama wanavyofanya za bodaboda. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla hujashika bisibisi. Hiyo kabureta msiifungue kwanza. Maelezo yako yenyewe yameshasema nusu ya jibu: moshi mweusi, masizi makavu, na ndege imetoka pwani. Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto likiwa sawa na la Dar hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, na mafuta yanayotoka kwenye kabureta ile hayapungui kwa kiasi hicho hicho, ndo maana mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mzito, yaani mafuta yanazidi. Silensa iliyosetiwa Dar ikaenda vizuri, huku inabanwa na petroli.

Lakini usiruke moja kwa moja kwenye skrubu. Anza na praima, ile pampu ndogo ya mkono rubani anayoivuta asubuhi kabla ya kuwasha. Isiposukumwa ndani ikazungushwa mpaka ikajifunga, injini ikiwa silensa inavuta mafuta kupitia hapo hapo, kwa sababu throto ikifungwa mvuto ndani ya mabomba ya hewa ndo unakuwa mkali zaidi. Nimewahi kukuta watu wawili wazima wameshatoa kava la injini lote, jasho linawatoka, kumbe praima imechomoza kidogo tu. Na hata ikiwa imejifunga, oringi zake zikichoka inapitisha vile vile.

Kisha angalia kibao cha hita ya kabureta ndani ya boksi la hewa. Nobu iko ndani kabisa lakini kibao hakijafunga? Basi injini inavuta hewa ya moto muda wote, na hewa ya moto ni nyepesi, unarudi pale pale kwenye mchanganyiko mzito. Mwenzako avute na kusukuma nobu, wewe uwe unaangalia kibao chenyewe kwa macho. Na eya klina mmeikagua? Kiangazi cha huku na lile vumbi jekundu linaziba upesi kuliko mtu wa Dar anavyodhani.

Hayo yakiwa safi na magneto, zile zinazotoa umeme wa plagi, ziko sawa, fanyeni kipimo hiki. Injini iwe imepata moto wake, hita ya kabureta imefungwa, throto silensa. Vuta ile nobu nyekundu ya mchanganyiko taratiiibu kuelekea kuzima, macho yako kwenye kipimo cha mizunguko. Injini iliyo sawa itapanda kidogo, mizunguko 25 mpaka 50 hivi, halafu ndo inakufa. Ikipanda zaidi ya 50, silensa ina mafuta mengi. Ikishuka moja kwa moja bila kupanda kabisa ina mafuta machache, na hapo kabla ya kuilaumu kabureta kagua zile hozi fupi za raba na klempu zake kwenye mabomba ya hewa, raba ikipasuka inavuta hewa ya wizi. Mara nyingi utaona doa la bluu pale palipopasuka, ni rangi ya avgesi, petroli ya ndege.

Yako nategemea itapanda sana. Basi injinia wako arekebishe skrubu ya mchanganyiko wa silensa kidogo kidogo, kila akigusa mnapima upya, kisha anaandika na kusaini kwenye logibuku. Hiyo sahihi ni ya mwenye leseni ya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) peke yake, usikubali mtu akuharakishe hapo hata kama mwenye ndege amesimama mlangoni anaangalia saa.

Na rubani naye aambiwe. Kitabu cha Cessna 172 nyingi kinasema kiwanja kikiwa juu ya futi 3,000 mchanganyiko upunguzwe kabla ya kuruka mpaka upate mizunguko ya juu throto ikiwa imefunguliwa yote, na Dodoma ni futi kama 3,670. Saa nane mchana kwenye nyuzi 30 injini inajisikia kama iko karibu mita 1,900. Aliyezoea pwani akiruka huku nobu imesukumwa yote anatupa nguvu anayoihitaji sana.

Kufungua kabureta kuna wakati wake. Ukikuta asubuhi matone ya bluu chini ya kava la injini wakati ndege imelala tu, hapo sindano ya floti, ile inayoinuliwa na boya kufunga mafuta yakijaa, haikai vizuri. Mimi niliwahi kufungua moja nikakuta uzi mweupe mwembamba kama unywele umelala kwenye kiti cha sindano. Ilikuwa ni ile tepu ya mafundi bomba, mtu aliifunga kwenye nati ya hozi ili isivuje. Kauzi kale kalitosha kuiacha sindano wazi. Tepu ile isikaribie mfumo wa mafuta wa ndege. Na upepo wa kompresa usiupige kwenye kabureta iliyofungwa, unaharibu floti, wala usichokonoe jeti, yale matundu madogo ya mafuta, kwa waya kama kwenye bodaboda ya Boxer.

SWALI: Fundi habari. Najifunza urubani. Mwalimu ananiambia kabureta inaweza kuganda barafu hata Dodoma. Kweli na jua hili?

JIBU: Kweli kabisa dada, mwamini mwalimu wako. Barafu haitoki nje, inatengenezwa humo humo. Petroli inapogeuka mvuke, na hewa inapobanwa kupita kwenye koo la kabureta, joto linaweza kuporomoka zaidi ya nyuzi 30. Hatari kubwa ni hewa yenye unyevu chini ya nyuzi 21 hivi, yaani asubuhi ya Januari mvua imenyesha usiku na mawingu yamekaa chini, lakini inaweza kutokea hata kwenye nyuzi 38. Utaona mizunguko inashuka polepole hujagusa kitu. Vuta hita yote, usivute nusu. Itashuka zaidi na injini itatetemeka kwa muda maana barafu inayeyuka na maji yanapita, hapo wengi wanaogopa wanairudisha. Usiirudishe, subiri ipande. Ila ukiwa chini kwenye vumbi usikae nayo wazi, ile hewa ya moto haipiti kwenye eya klina.

SWALI: Nina ndege ndogo ya Rotax 912, niko Singida. Inatetemeka kwenye silensa na kabureta moja inamwaga mafuta. Tatizo ni moja au mawili?

JIBU: Linaweza kuwa moja ndugu yangu. Hiyo ina kabureta mbili za Bing, kila moja inalisha silinda mbili, kwa hiyo moja ikizidisha mafuta pande mbili hazilingani na injini inatikisika. Toa bakuli, floti zipo mbili kila kabureta. Kuna floti zinazonyonya petroli zikawa nzito na kuzama. Zifute, zipime pamoja kwenye mizani, zisizidi gramu 7. Mizani ya nyama haitakusaidia hapo, nenda kwa sonara. Zikizidi weka mpya. Kagua pia zile raba zinazoshika kabureta kwenye injini, zikunje kwa kidole uone nyufa. Ukishamaliza ndo msawazishe kabureta mbili kwa geji za mvuto, na silensa isishuke chini ya mizunguko 1,400, maana chini ya hapo giaboksi inagongwa.